Landrova ya Mzee Qamara
Sehemu ya Tisa

Aliyeshuka kwenye Landrova hakuwa Mzee Qamara.

Alikuwa Emanuel Sulle.

Ndiyo, msomaji, Emanuel yule yule. Dereva aliyefukuzwa kazi miezi mitano iliyopita, akaondoka kijijini Endalaqwi bila kuaga mtu, na watu wakaapa kwamba hatakanyaga tena upande huu wa kata ya Masieda. Sasa alikuwa amesimama kwenye uwanja wa zahanati, saa mbili asubuhi, mvua ikimchuruzika mabegani, anamtazama Sista Judica, muuguzi mkuu wa zahanati.

Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, mambo yako hivi. Ndani ya zahanati amelala Ernestina, mtoto amekaa kikingama tumboni mwake. Hawezi kuzaliwa ila mama apasuliwe. Hospitali iko ng'ambo ya mto, na huko juu milimani Mbulu mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Zahanati haina gari. Gari lake jipya, la wafadhili, liko gereji mjini tangu siku lilipojizima lenyewe katikati ya mto likiwa limembeba Agatha, dada yake Ernestina. Agatha alijifungulia humo garini. Mtoto akalia mara moja, akanyamaza moja kwa moja. Dereva alikuwa Emanuel.

Hayo kijiji kizima kinayajua.

Kuna jambo jingine ambalo linajulikana na watu wawili tu. Asubuhi ya siku ile Emanuel alimfuata Judica ofisini. "Sista, taa ya njano imewaka. Kuna maji kwenye dizeli. Tusilitoe kwenda mbali kabla fundi hajalifungua." Naye Judica, huku anaandika, bila hata kuinua kichwa, alimjibu: "Endesha hivyo hivyo. Wiki ijayo litakwenda servisi."

Na kamati ya zahanati ilipomuuliza kama aliambiwa habari ya taa, Judica alisema: "Hakuniambia kitu."

Maneno mawili tu. Yakamfukuzisha Emanuel kazi.

"Habari za kazi," Emanuel alisema sasa.

Hakusema shikamoo. Miaka minne walifanya kazi pamoja, na hakuna asubuhi hata moja aliyowahi kumpita Judica bila kumwamkia. Judica alisikia hiyo shikamoo iliyokosekana kwa ukali kuliko ambavyo angesikia tusi.

"Nzuri," alijibu. "Mzee Qamara yuko wapi?"

"Mguu wake umevimba, hawezi kukanyaga klachi. Amesikia kuna mama wa kukimbizwa, akaniambia nije. Nilifika jana kumwona mama yangu, anaumwa."

"Ulikuwa wapi siku zote?"

"Katesh. Nabeba vitunguu sokoni."

Nyuma yake Landrova ilikuwa inatetemeka na kunguruma, injini haijazimwa. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko wao wote wawili. Rangi ya kijani ilikuwa imebabuka, kioo cha upande kimefungwa kwa waya, na kwenye dashibodi hapakuwa na taa ya kuonya wala kitu cha kompyuta. Usukani, gia, na mishale miwili iliyochoka ya kuonyesha mwendo na mafuta.

Kando yake iliegeshwa pikapu nyeupe ya Wolfgang, msimamizi wa wachimba kisima, haijamaliza hata mwaka tangu inunuliwe. Wolfgang alikuwa mtu mwema. Alikuwa amekwisha kulaza kiti cha mbele na kutandika blanketi lake mwenyewe.

"Sista, tuko tayari," aliita. "Mgonjwa hatasikia hata shimo moja la barabara."

Judica aliyatazama magari yote mawili. Hakuhitaji kushauriwa. Masika iliyopita aliiona kwa macho yake Landrova hiyo ikivuka mto na magunia ya mahindi, maji yamefika kwenye taa. Na ni yeye huyo huyo, kwenye mkutano wa kijiji, Mzee Qamara alipojitolea gari lake liwe la kukimbizia wagonjwa wakati wa mvua, aliyesimama na kusema, "Mzee, hilo bati lipeleke makumbusho." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Qamara naye akacheka kidogo, akakaa.

"Tutakwenda na Landrova," Judica alisema.

"Nani anaendesha?"

Sauti ilitoka mlangoni. Agatha. Alikuwa ameshika beseni la nguo za mdogo wake. Macho yake yakamfikia Emanuel, na beseni likaanguka.

"Huyu? Sista, huyu? Aliyeniulia mwanangu?"

"Agatha, nisikilize..."

"Mdogo wangu hapandi gari analoshika huyu! Kama ni kufa, afie hapa hapa kitandani!"

Emanuel hakujitetea. Alimgeukia Judica, akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alikuwa anasubiri.

Hapo, msomaji, ilihitajika sentensi moja tu. *Si yeye, Agatha, ni mimi.* Judica alifungua mdomo. Sentensi ikafika kwenye ulimi. Akilini akamwona mwenyekiti wa kamati, akaona barua ya kuachishwa kazi, akaona watoto wake wawili wanaosoma kule Same, akaona uso wa Agatha utakavyokuwa.

"Agatha ana haki," alisema. "Tutakwenda na Wolfgang."

Emanuel aliinamisha kichwa.

---

Pikapu ilikwenda kama inateleza kwenye siagi. Ndani hapakuwa na kelele. Ernestina alilazwa kwa ubavu wa kushoto, dripu imetundikwa kwenye ndoano ya koti, na Agatha kakaa nyuma kamshika miguu.

Judica aliweka tumboni kibomba cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akategesha sikio, akahesabu kwa saa ya mkononi. Mia na thelathini na sita.

"Vizuri," alisema.

Moyo wake mwenyewe ulikuwa unakwenda zaidi ya hapo.

"Umefanya vizuri kumkataa yule," Agatha alisema. "Mimi ningemng'oa macho. Joakimu mume wangu ndiye kabisa. Alimtafuta mpaka Babati."

Judica alijifanya anarekebisha dripu.

Walifika mtoni saa mbili na dakika arobaini. Maji yalikuwa mekundu, mapana, yanabeba matawi. Katikati palionekana fungu la mchanga, halafu maji tena, halafu ng'ambo.

Wolfgang aliingiza magurudumu ya mbele majini, akasita. Akazima injini kwa mazoea.

"Ngoja nipime kina."

"Usizime gari!" Judica alisema, lakini Wolfgang alikuwa amekwisha kushuka. Alitembea na fimbo mpaka maji yakamfika magotini, mapajani, akakanyaga shimo, akazama mpaka kifuani. Akarudi anacheka, anatweta.

"Upande wa kulia panafaa. Twende!"

Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya.

Akabonyeza tena. Kwenye kioo cha dashibodi yakatokea maandishi. Wolfgang aliyasoma, kicheko kikamtoka usoni.

"Linasema halioni ufunguo."

Akatoa mfukoni rimoti, ambayo ndiyo ufunguo wenyewe. Maji yakamwagika kutoka ndani yake.

Alijaribu kuifuta kwa shati. Alijaribu kuipuliza. Aliisugua kwenye kiti, akaibana kwenye kitufe, akaiomba kwa jina la Mungu. Gari zima, zuri, lenye dizeli tele na injini isiyo na kosa, lilikataa kumtambua mwenye nalo. Na magurudumu ya mbele yalianza kumezwa na mchanga.

"Piga simu," Agatha alisema. "Sista, piga simu!"

Hapakuwa na mtandao. Judica aliweka tena kile kibomba tumboni. Mia na kumi na nane. Ernestina aliuma kona ya khanga, macho yamemtoka.

"Sista," alinong'ona, "mtoto wangu anachoka, eti?"

"Hapana, mama. Yuko vizuri."

Uongo mwingine. Ulitoka kirahisi, na hilo ndilo lililomtisha. Alijua kabisa kilichotokea. Mara ya kwanza alipuuza taa. Leo alijua gari lipi linafaa, akachagua lisilofaa, ili siri yake isitoke. Ni mtu yule yule, mto ule ule, na mtoto wa nyumba ile ile.

Ndipo wakasikia mngurumo nyuma.

Landrova ilikuja inayumba kwenye tope, moshi unaitangulia. Emanuel aliruka chini kabla haijatulia.

"Nani kakuambia utufuate?" Agatha alifoka.

"Hakuna."

"Basi rudi!"

"Dada Agatha," Emanuel alisema polepole, "nitukane, nipige, tukishavuka. Mto unapanda. Ulipo sasa nauweza; nusu saa ijayo sitaweza kumvusha mgonjwa aliyelala."

Agatha alimtazama Judica. Judica alipaswa kusema. Lakini safari hii aliyeamua alikuwa mwingine.

"Nihamisheni," Ernestina alisema kutoka kwenye kiti. "Dada, mimi ndiye ninayeumwa. Nihamisheni!"

---

Wolfgang na Emanuel walimbeba Ernestina, wakamlaza kwenye godoro sakafuni mwa Landrova, katikati ya mabenchi mawili ya bati. Hapakuwa na kiti cha kulaza wala hewa ya baridi. Palinuka dizeli na mbuzi.

Emanuel alifungua boneti, akachukua spana, akautoa mkanda wa feni.

"Unafanya nini?" Judica aliuliza.

"Feni ikizunguka ndani ya maji itarusha maji kwenye injini yote. Kwa muda mfupi injini haitachemka." Alifunga boneti. "Desemba ile mlima ulipoporomosha tope, kule Jorodom karibu na Katesh, nilikuwa nabeba watu. Magari yenye kompyuta yalikuwa yanasimama moja moja. Tope likiingia kwenye waya mmoja tu, basi. La zamani likisimama, angalau unaona kilicholisimamisha."

Hakumtazama alipokuwa anasema. Ilikuwa maelezo ya kazi tu. Lakini Judica aliona kama anasomewa mashtaka.

Emanuel aliingiza gia kubwa ya nguvu, akaachia klachi. Landrova iliingia mtoni kwa mwendo wa mtu anayetembea. Maji yakapiga milango, yakapenya chini, yakalowesha miguu ya Agatha. Godoro likaanza kunyonya maji. Ernestina alipiga kelele, Agatha akamlalia juu kumzuia asiteleze.

"Usikanyage breki! Usikanyage breki!" Wolfgang alipiga kelele kutoka ukingoni, kama vile Emanuel alihitaji kuambiwa.

Wakapanda kwenye fungu la mchanga. Nusu ya mto ilikuwa nyuma yao.

Injini ikakohoa.

Ikakohoa tena, ikashtuka, ikazima.

Kilichobaki ni sauti ya maji, kulia na kushoto.

"Mungu wangu," Agatha alisema. "Tena. Tena! Ameniletea tena!"

Emanuel alikuwa amekwisha kushuka. Boneti ikafunguka. Judica alishuka nyuma yake, miguu ikizama kwenye mchanga, akamkuta ameinamia kikombe kidogo cha kioo kilichofungwa pembeni mwa injini.

"Ona," alisema.

Ndani ya kikombe dizeli ilikuwa imekaa juu, ya rangi ya chai. Chini yake palikuwa na maji, meupe, yamejitenga kama mafuta kwenye mchuzi.

Judica aliinama, akayatambua. Ni maji kwenye dizeli. Ugonjwa ule ule.

"Dizeli ya mzee ni ya pipa," Emanuel alisema. "Mvua imeingia."

"Sasa?"

"Nipe hiyo spana ndogo."

Alifungua kikombe, akamwaga maji mchangani, akakifuta kwa kona ya shati, akakirudisha. Akalegeza skrubu moja, akaanza kupampu kwa kidole kijiko fulani cha chuma. Povu likatoka kwenye skrubu. Povu, povu, halafu dizeli tupu isiyo na povu. Akakaza. Haikufika dakika kumi.

Agatha alikuwa ameshuka. Alisimama nyuma yao, sketi imelowa mpaka kiunoni, anatazama mikono ya Emanuel.

"Ilikuwa nini?" aliuliza.

"Maji kwenye dizeli."

"Na siku yangu mimi? Ilikuwa nini siku ile?"

Emanuel aliifuta spana kwa shati.

"Nakuuliza! Walisema ulikuwa mzembe. Walisema hukulikagua gari. Ilikuwa nini?"

Emanuel alifunga boneti kwa mikono miwili. "Muulize sista," alisema, akaenda kukaa kwenye usukani.

Basi wakabaki wanawake wawili juu ya mchanga, na mto unazidi kuwazunguka.

Judica angeweza kusema hakuna muda. Ingekuwa kweli. Angeweza kusema, tutaongea hospitali. Alishaishi miezi mitano kwa majibu ya namna hiyo.

"Ilikuwa maji kwenye dizeli," alisema. "Kama leo. Lakini lile gari huwezi kulifungua mtoni. Kompyuta yake ikiona maji inalizima."

"Na hakujua?"

"Alijua. Taa iliwaka asubuhi. Aliniambia."

"Alikuambia wewe?"

"Aliniambia mimi. Nikamwambia endesha hivyo hivyo. Halafu kwenye kamati nikasema hakuniambia kitu." Sauti ilikuwa inamtoka kama ya mtu mwingine. "Agatha, si yeye. Ni mimi."

Agatha hakupiga kelele. Hakumpiga. Mvua ilimpiga usoni, na hakuipangusa. Judica alitamani apigwe.

Kutoka garini Ernestina alilia, kilio kirefu cha chini. Agatha alishtuka kama aliyeamshwa, akapanda. Judica akapanda nyuma yake, akainua chupa ya dripu.

Agatha aliinyakua.

"Lete hapa," alisema. "Mkono wako haufai."

Injini iliwaka mara ya kwanza. Sehemu ya pili ya mto ilikuwa na kina zaidi, na katikati Landrova iliinuka kidogo, ikasukumwa pembeni, kila mtu akashika alichoweza kushika. Halafu magurudumu yakapata jiwe, yakang'ata. Walipotokea ng'ambo maji yalimwagika milangoni kama ndoo zimepinduliwa.

Judica aliweka kile kibomba tumboni. Akahesabu. Akahesabu tena.

Tisini na nane.

"Emanuel," alisema, "kimbia."

---

Walimpokea Ernestina mlangoni, wakamwingiza chumba cha upasuaji saa nne kasoro dakika tano. Agatha alikaa upande mmoja wa benchi, Judica upande mwingine. Kati yao wangeweza kukaa watu wanne, na hakuna aliyekaa.

Judica hakuomba mtoto apone. Aliona hana haki ya kuomba. Alihesabu tu dakika. Saa mbili kamili Landrova ilikuwa uwanjani, injini inawaka. Kama wangepanda pale pale. Kama angesema pale pale. Kubishana, kuzunguka na pikapu, rimoti, kuhamisha mgonjwa. Kila dakika aliijua kwa jina lake.

Saa nne na robo ikasikika sauti nyuma ya mlango. Nyembamba, kali, yenye hasira.

Mtoto analia.

Agatha alifunika uso kwa mikono yote miwili.

Daktari alitoka anavua glovu. "Msichana. Mama yuko salama. Mmevukaje ule mto?"

"Kwa Landrova," Judica alisema.

"Mshukuruni mwenye hilo gari. Robo saa nyingine, tungekuwa tunaongea mengine."

Alisema kwa kuwafurahisha. Hakujua alikuwa amemchoma mtu.

Agatha aliingia wodini. Alipompita Judica alisimama, bila kumtazama.

"Nilimpigia Joakimu simu tulipofika kwenye mtandao," alisema. "Kabla sijaweza kufikiri. Nilimwambia Emanuel ndiye aliyetuleta. Alikuwa mnadani Katesh. Amepanda pikipiki."

"Umempigia tena? Umemwambia...?"

"Simu yangu imezima." Sasa alimtazama. "Na hilo silisemi mimi. Utalisema wewe."

Akaingia, mlango ukajifunga.

Judica alitoka mbio.

Uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa ndugu za wagonjwa waliokimbilia chini ya bati kukwepa manyunyu. Emanuel alikuwa ameinama mbele ya Landrova, anakaza mkanda wa feni aliourudisha upesi walipovuka, kichwa ndani ya boneti. Hakusikia pikipiki ikiingia getini. Hakumwona mwanaume mrefu aliyeshuka kabla haijasimama, koti limejaa tope, fimbo ya mnadani mkononi.

"Emanuel Sulle!"

Watu wakageuka. Emanuel akainua kichwa.

"Mwanangu wa kwanza hakukutosha?" Joakimu alikuwa anakuja kwa hatua ndefu. "Umemrudia na shemeji yangu?"

Emanuel aliweka spana chini, akasimama wima. Hakukimbia, wala hakuinua mkono kujikinga. Labda alikuwa amechoka kukimbia.

Fimbo ilikwenda juu.

"Joakimu! Si yeye!"

Judica alijikuta katikati yao. Hakukumbuka jinsi alivyofika. Fimbo ilikuwa juu ya kichwa chake, na macho mekundu ya Joakimu yalikuwa yanamtazama bila kumwelewa.

"Sista, ondoka hapo."

"Si yeye. Gari lilikuwa bovu, aliniambia asubuhi ile. Nikamlazimisha aende. Halafu nikadanganya kamati. Aliyekosa ni mimi."

Chini ya bati mama mmoja aliyekuwa anamenya chungwa aliacha kumenya.

"Rudia," Joakimu alisema.

Akarudia. Yote, neno kwa neno, kwa sauti ya kusikika mpaka getini. Alidhani atajisikia mwepesi. Hakujisikia mwepesi.

Fimbo ilishuka taratibu. Joakimu aliiegemea kama mzee, ingawa hakuwa mzee.

"Mwanangu aliitwa nani?" aliuliza.

"Nini?"

"Mwanangu. Mke wangu alimbatiza mle garini kwa maji ya mto, kabla hajakata roho. Alimpa jina. Wewe ndiye uliyemwandika kwenye daftari lako la zahanati. Aliitwa nani?"

Judica alilikumbuka daftari. Aliukumbuka mstari ule, kwa mwandiko wake mwenyewe. *Mtoto wa kiume wa Agatha.* Basi. Hakuwahi kuuliza.

"Sijui," alisema.

"Xavery," Emanuel alisema nyuma yake, kwa sauti ya chini. Yeye alikuwepo.

"Sikukuuliza wewe," Joakimu alisema, lakini hapakuwa tena na ukali. Alimgeukia Judica. "Wazee wa ukoo wako nyumbani kwangu sasa hivi. Niliwapigia njiani, wakae wamngojee mtu aliyemuua Xavery. Niliwaahidi nitamleta leo, na nitamleta. Kaburi liko pale pale uani. Utasimama mbele yake, nao watasikia ulichosema hapa."

Akaielekeza fimbo kwenye mlango wa Landrova.

"Panda."

Emanuel alifunga boneti, akaja karibu na Judica, akasema polepole, kwa ajili yake peke yake:

"Sista, mto umeongezeka. Tukiuwahi sasa tutavuka, lakini kurudi leo hakuna. Utalala kule, na wao. Mimi sikulazimishi, na hakuna anayeweza kukulazimisha. Polisi si mbali na hapa. Unaweza kukataa."

Judica alilitazama geti. Lilikuwa wazi.

Alifungua mlango wa Landrova, akapanda, akakaa kwenye benchi la bati juu ya maji yaliyokuwa bado hayajakauka.

"Washa gari, Emanuel," alisema.